Mzee wa miaka 29: nilisoma kitabu cha mafoto ya nyambizi

Wenzangu, leo ninawaletea kitabu. Si cha sheria, si cha uchumi. Ni kitabu cha mafoto, nilikinunua kwa asistanti mmoja aliyekuwa anapunguza vitu mbele ya kuhama nyumba. Nakala ya Kiingereza, nzito sawa tofali, jalada limeanza kuachana: U-Boat War, ya Mjerumani Lothar-Günther Buchheim. Kwa Kijerumani kilitoka 1976. Nilifungua kurasa mbili tatu palepale mlangoni, na ile usiku nililala saa tisa.

Nyambizi ni ile meli ya vita yenye kwenda chini ya maji. Huku kwetu tunajua ziwa tu, basi nieleze kidogo. Ile ya Buchheim iliitwa U-96. Urefu wake ulikuwa mita 67 hivi, na ndani watu karibu 50. Juu ya maji ilitembea na mashine za mazuti. Chini ya maji ilitembea na batiri, polepole sana, na batiri zikiisha lazima ipande juu kuchaji tena. Kwa hiyo haikuwa samaki. Ilikuwa meli ya kawaida yenye kuweza kujificha kwa muda.

Sasa wafikirie hao watu 50 kwa majuma mengi. Vyoo viwili, na mwanzoni mwa safari kimoja kinajazwa chakula, kwa hiyo kinabaki kimoja. Mikate na soseji zinaning'inia kati ya mabomba. Kitanda kimoja cha watu wawili: huyu anaamka kwenda zamu, mwenzake anaingia mu joto lake. Maji ya kuoga hakuna, ndevu zinaota tu. Mwenye kulala usiku mmoja chini kabisa mu boti ya Bukavu–Goma, na mizigo na harufu ya mazuti, anajua kidogo. Kidogo tu, juu asubuhi sisi tunashuka.

Hapo njo Buchheim alikuwa fundi kweli. Vuli ya 1941, akiwa na miaka 23, jeshi la bahari la Wajerumani lilimtuma ndani ya U-96 kama mwandishi wa vita. Wakati wa vita alipiga mafoto zaidi ya 5,000, na mu kitabu aliweka sehemu ndogo tu. Hakupiga mashujaa wamesimama wima. Alipiga vijana wamechoka, macho mekundu, wamekaa wanasikiliza. Mkubwa wao, Heinrich Lehmann-Willenbrock, walimuita Mzee. Nilitafuta mwaka wake wa kuzaliwa: Desemba 1911. Mzee wao alikuwa na miaka 29! Mimi ninayo 27 na nyumbani bado wananituma kununua makala.

Na wengi hawakurudi. Wajerumani waliotumika mu nyambizi walikuwa kama 40,000. Kama 30,000 walikufa. Ukisoma ile hesabu, halafu ukarudi kwa zile sura, huwezi kugeuza ukurasa haraka.

Basi nilikuwa nimeamua: kitabu kizuri, pointi 18 kwa 20. Mudogo wangu, mwanafunzi wa graduat, njo aliniharibia hesabu. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega langu, akauliza: «Yaya, na wale wa meli zenye kuzamishwa, foto zao ziko wapi?»

Nilirudi nyuma kutafuta. Wale wako mbali: mstari wa meli kwenye upeo wa bahari, moshi. Sura hakuna. Lakini mu safari ileile ya Buchheim, tarehe 31 Oktoba 1941, U-96 ilizamisha meli ya Uholanzi, Bennekom. Ilikuwa mu msafara wenye kutoka Uingereza kuelekea Freetown, Afrika ya Magharibi. Ndani ya Bennekom pia kulikuwa vijana, na vitanda, na mpishi. Ile usiku hakuna mtu alikuwa na kamera kule kwao.

Mwanzo nilitaka kumlaumu Buchheim. Alikuwa mtu wa propaganda, ni kweli. Kazi yake ilikuwa kuwapendeza raia wa kwao. Lakini kisha vita alimkosoa vikali Dönitz, mkubwa wa nyambizi zote, juu ya vijana aliowatuma kufa. Siwezi kusema alidanganya. Tena kuna jambo lingine, na mimi naona njo kubwa: hata watu wa nyambizi wenyewe hawakuona. Torpedo ikitoka, wanahesabu sekunde kwa saa ya mkono. Ukisikia mlipuko, imepiga. Anayeangalia kwa darubini ni mmoja. Wengine karibu 50 wanasikia tu sauti. Kwa hiyo kamera ilisema ukweli wa watu wa ndani, na ukweli wa ndani ni kwamba mtu unayemuua hana sura. Hiyo ni ushahidi wa maana sana. Ila mwanahistoria hawezi kubaki ndani ya bomba la chuma pamoja nao.

Kuna na shida ya tarehe. Foto za U-96 ni za 1941, wakati nyambizi ilikuwa bado muwindaji. Baadaye Waingereza na Wamarekani walipata rada nzuri na ndege za kwenda mbali. Mwezi wa tano 1943 peke yake Wajerumani walipoteza nyambizi kama 41, na Dönitz akaziondoa katikati ya Atlantiki ya Kaskazini. Foto za 1941 haziwezi kukueleza kijana wa 1944 alipanda na roho gani.

Juu ya huyo wa 1944, nisimulie meli moja, jina lake mtalijua: Léopoldville. Ndiyo, jina la Kinshasa ya zamani. Ilikuwa meli ya Wabelgiji ya njia ya Kongo, wakati wa vita ikawekwa kubeba askari. Tarehe 24 Desemba 1944 ilitoka Southampton na askari wa Marekani zaidi ya 2,200. Kati ya wafanyakazi wake walikuwemo Wakongo. Jioni, karibu na Cherbourg, nyambizi U-486 iliipiga torpedo. Amri za kushuka zilitolewa kwa Kiflamanki, na Wamarekani hawakusikia ile luga. Walikufa askari 763, usiku wa Noeli, taa za bandari zikiwa karibu.

Na U-486? Tarehe 12 Aprili 1945, karibu na Norway, nyambizi ya Waingereza iliizamisha. Watu 48, hakuna aliyepona. Vita vya Ulaya vilikuwa vimebakiza hata mwezi mmoja hapana.

Kwa wale mnaoandika TFC ya historia na mnapenda kuweka mafoto: muweke, lakini chini ya foto muandike nani aliipiga, alitumwa na nani, na alikuwa amesimama wapi. Kwa Buchheim jibu ni rahisi, na yeye mwenyewe hafichi. Mimi nimeshusha pointi mpaka 15. Mudogo anasema 13, eti mimi nina huruma juu ya zile ndevu.

Kitabu kiko kwangu. Anayekitaka aniandikie, lakini arudishe; jalada limekwisha kabisa, nimelishika na skochi.