Mkono Ulioandika Ombi: Ruzuku za Utafiti wa Lugha na Insia Afrika Mashariki

Mijadala kuhusu uhaba wa fedha za utafiti katika fani za sanaa na insia huishia mara nyingi katika lawama kwa wafadhili. Makala hii inamtazama mtu mwingine, yaani anayeandika ombi la ruzuku. Yeye ndiye anayeamua swali litakaloulizwa, na kwa muda mrefu katika eneo letu mtu huyo alitoka nje.

Mfano ulio wazi ni uchunguzi wa matumizi na ufundishaji wa lugha uliofadhiliwa na Wakfu wa Ford tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 katika Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Matokeo yalichapishwa katika juzuu tano, moja kwa kila nchi, kati ya 1972 na 1980. Thamani yake haipingiki. Sisi tunaofundisha isimujamii tungali tunazirejelea. Lakini tutazame majalada. Juzuu ya Uganda ina majina ya Ladefoged, Glick na Criper. Ya Kenya, Whiteley. Ya Tanzania, Polomé na Hill. Miongoni mwa wahariri wa juzuu zote, Mwafrika ni mmoja tu: Mubanga Kashoki, katika juzuu ya Zambia ya 1978. Wenyeji wengine walichangia, kama Livingstone Walusimbi anavyotajwa katika juzuu ya Uganda. Kuchangia, hata hivyo, si kubuni.

Miaka ya 1980 marekebisho ya kiuchumi yalibana bajeti za vyuo vikuu vya umma, na mhadhiri akalazimika kujitafutia fedha bila kufundishwa namna ya kuziomba. Mwaka 1988 Adam Przeworski na Frank Salomon waliandika, kwa ajili ya waombaji wa Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii la Marekani, mwongozo mfupi ambao ungali unasomwa. Kwa muhtasari, ombi lijibu maswali matatu: tutajifunza nini, kwa nini inafaa kukijua, na tutajuaje kwamba hitimisho ni sahihi?

Swali la tatu ndilo linalowaangusha wanainsia. Nimesoma maombi mengi ya wenzangu, na kosa moja hurudi. Mtaalamu wa tenzi, anayejua kulinganisha miswada na kutambua mkono wa mnakili, akifika sehemu ya mbinu huandika kwamba atateua sampuli ya watu hamsini na kuwapa hojaji. Hana haja nao. Amevaa joho la sayansi kwa kuhofia kwamba lake halitambuliki. Msomaji wa ombi huiona hojaji isiyo na kazi, na stadi halisi ya mwombaji haioni popote.

Mabadiliko ya maana yalikuja mwaka 2008, Baraza la Marekani la Vyama vya Wanazuoni lilipoanzisha, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, programu ya insia kwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Maombi yalipimwa na wanazuoni wa Afrika wenyewe, na anayepima maombi ya wengine hujifunza kuandika lake kuliko anayehudhuria semina ya siku mbili. Hata hivyo ombi lilitakiwa kuandikwa kwa Kiingereza, hata lilipohusu Kiswahili.

Kwa washauri wa sera, pendekezo langu ni hili: vyuo vyetu na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki vianzishe ruzuku ndogo ambazo maombi yake yataandikwa na kupimwa kwa Kiswahili. Kiasi kiwe kidogo tu. Faida kubwa ni mazoezi ya kutetea mbinu zetu kwa istilahi zetu kabla ya kuzitetea ugenini. Semina za jumla, zinazowaweka pamoja wahandisi na wanafasihi mbele ya fomu moja, zimekula fedha za kutosha.

Idarani kwetu tumeanza bila ruzuku yoyote: mara moja kwa muhula tunasoma pamoja ombi lililokataliwa, pamoja na maoni ya waliolipima. La kwanza kusomwa lilikuwa langu. Lilikuwa na hojaji.