Nani Atafikia Kisu?

Mtu aliyeshikwa na maumivu yatokayo kiunoni, yakapita pajani na kushuka mpaka wayoni, zamani aliambiwa mara nyingi kuwa ana baridi yabisi. Mwaka 1934 William Jason Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walionyesha jambo jingine. Vinundu vingi ambavyo wapasuaji walikuwa wakivitoa mgongoni na kuviita uvimbe wa gegedu vilikuwa vipande vya diski, yaani kile kitanga kilichomo kati ya pingili na pingili, kilichopasuka kikatokeza na kuubana mshipa wa fahamu.

Ugunduzi huu ulikuwa wa kweli, lakini ulizaa pupa. Ikiwa ugonjwa ni kipande kilichotokeza, tiba yake ni kukitoa. Ndivyo ilivyofikiriwa, na migongo mingi ikapasuliwa. Swali la nani angalipona bila kisu liliachwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Aliyelikabili kwa subira ni Henrik Weber wa Oslo, Norwei. Katika wagonjwa 280, wenye haja dhahiri aliwapasua, na waliokuwa wakipata nafuu aliwaacha. Wakabaki 126 wa shaka, akawagawa kwa bahati nasibu, kisha akawafuatia miaka kumi. Taarifa yake ya mwaka 1983 yasema kuwa baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora zaidi; baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imefifia; baada ya kumi haikuwapo.

Ilidhaniwa kuwa picha za mashine ya sumaku zingemtambulisha mwenye kuhitaji kisu. Lakini mwaka 1994 huko Marekani walipigwa picha watu 98 wasioumwa mgongo: asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba, na asilimia 27 iliyotokeza. Picha ilikuwa imeona sana, ila haikujua nani anaumwa.

Mwaka 2007 Wilco Peul na wenzake wa Uholanzi walitoa habari za wagonjwa 283 walioumwa mguu kwa majuma 6 hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, nusu kungoja. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi zaidi. Hata hivyo mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Katika waliongoja, asilimia 39 walipasuliwa hatimaye, kwa wastani baada ya majuma 18 na zaidi. Hao walikuwa nani? Hasa wale ambao tangu mwanzo maumivu ya mguu yalikuwa makali na kazi za kila siku zimewashinda.

Simhesabu hapa mgonjwa aliyeshindwa kukojoa, au aliyekufa ganzi sehemu za siri: huyo hangojeshwi. Kwa waliosalia, nadhani kilichokuwa kikibashiriwa ni ustahimilivu wa mtu kuliko hali ya diski yake, na ustahimilivu huo tabibu hakuupata ila kwa kumwuliza mgonjwa mwenyewe.