Ukatishaji wa miunganisho ya hifadhidata

Ukatishaji wa miunganisho ya hifadhidata ni utaratibu ambao seva ya hifadhidata hufunga yenyewe miunganisho iliyokaa muda mrefu bila kazi, au inayotekeleza ombi moja kupita muda uliowekwa. Lengo lake ni kuzuia watumiaji wachache, au kompyuta zilizokwisha kuzimika, wasishikilie nafasi na data zinazohitajiwa na wengine.

Sababu

Programu inayotaka kusoma au kuandika data hufungua kwanza muunganisho na seva. Kila muunganisho hutumia kumbukumbu ya seva, na idadi yake ina kikomo. Kwa kawaida PostgreSQL huruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo hutengwa kwa ajili ya msimamizi. MySQL huruhusu 151. Nafasi zikijaa, mtumiaji mpya hukataliwa hata kama miunganisho mingi iliyo wazi haifanyi kazi yoyote.

Aina

Miunganisho inayoleta matatizo ni ya aina tatu:
- Muunganisho usio na kazi: uko wazi lakini hautumi ombi. Hasara yake kubwa ni kuchukua nafasi.
- Muamala ulioachwa wazi: mtumiaji ameanza kubadilisha data, kisha hakuthibitisha wala kufuta mabadiliko. Huu ni hatari zaidi, kwa sababu rekodi zilizoguswa hubaki zimefungwa. Katika PostgreSQL, muamala wa namna hii unaweza pia kuzuia usafishaji wa data za zamani, na majedwali yakazidi kuvimba.
- Ombi refu: seva inaendelea kulitekeleza, lakini linachukua muda mwingi kuliko ilivyotarajiwa.

Mfano wa Tunduma

Tunduma ni mji wa Mkoa wa Songwe, Tanzania, unaopakana na Nakonde nchini Zambia. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita hapo, na nyaraka za mizigo hushughulikiwa kwa mifumo ya kompyuta.

Kwa mfano, tuseme wakala wa forodha ana tawi Tunduma na seva yake iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapo. Karani wa Tunduma anafungua rekodi ya lori na kuanza kurekebisha uzito wa mzigo. Kabla hajathibitisha, umeme unakatika. Kompyuta yake imezimika bila kuiaga seva, kwa hiyo seva inaendelea kumhesabu kuwa yupo. Seva ya Linux yenye mipangilio ya kawaida husubiri sekunde 7,200, yaani saa 2, kabla ya kuanza kuchunguza kama upande wa pili bado upo. Baada ya hapo hujaribu mara 9, kila baada ya sekunde 75. Muda huo wote mwenzake wa Dar es Salaam hawezi kurekebisha rekodi hiyo, na lori linaweza kubaki kwenye foleni.

Kama kungekuwa na kikomo cha dakika 5 kwa miamala iliyoachwa wazi, seva ingekata muunganisho na kuifungua rekodi. Mabadiliko ambayo hayakuthibitishwa hufutwa, na rekodi hurudi ilivyokuwa. Karani atalazimika kuandika upya, lakini data haibaki nusunusu.

Mipangilio

Katika MySQL, kikomo cha muunganisho usio na kazi huitwa wait_timeout. Thamani yake ya kawaida ni sekunde 28,800, sawa na saa 8. PostgreSQL haina kikomo mpaka msimamizi akiweke. Kikomo cha miamala iliyoachwa wazi kilianza katika toleo la 9.6 (2016), cha miunganisho isiyo na kazi katika toleo la 14 (2021), na cha urefu wa muamala mzima katika toleo la 17 (2024). Maombi marefu hudhibitiwa kwa statement_timeout.

Msimamizi anaweza pia kukata kwa mkono. MySQL hutumia amri KILL. Katika PostgreSQL, pg_cancel_backend husimamisha ombi tu, na pg_terminate_backend hufunga muunganisho wote.

Tahadhari

Kikomo kifupi mno huweza kukatisha kazi halali, kama vile ripoti za mwisho wa mwezi au kunakili data za akiba. Kwa sababu hiyo watumiaji wa kazi hizo hupewa vikomo vyao tofauti. Kufuta mabadiliko ya muamala mkubwa nako huchukua muda.

Programu nyingi huweka akiba ya miunganisho ili ziitumie tena. Seva ikiikata kwanza, programu hukuta muunganisho uliokufa na kutoa kosa. Hivyo muda wa akiba huwekwa uwe mfupi kuliko wa seva.

Ukatishaji hauondoi chanzo cha tatizo. Programu isiyofunga miunganisho yake itaendelea kujaza nafasi mpaka irekebishwe.

Tazama pia
- Hifadhidata
- Seva
- SQL
- Tunduma