Vijiko vitatu

Kwetu chai ni vijiko vitatu. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Tulimwona mama anakoroga, nasi tukakoroga. Mgeni akisema "kimoja tu," mama humwuliza kama anaumwa.

Jirani yetu hapa London, bibi wa Kiingereza, alikuwa akinywa chai bila sukari hata chembe. Mie nilidhani ni ubahili. Nilipomwuliza akanijibu kwamba alizoea tangu utotoni, wakati wa vita.

Tuliligusia hili kwenye kipindi cha wiki hii, na bado halijanitoka kichwani.

Januari 1940 serikali ya Uingereza ilianza kugawa chakula kwa vitabu vya mgao. Sukari ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida mtu mzima alipata kama gramu 227 kwa wiki. Mgao wake ulifutwa Septemba 1953, na muda si mrefu watu wakawa wanakula sukari karibu mara mbili ya awali.

Hapo wataalamu wakapata kitu cha kulinganisha: watoto wa nchi moja, waliopishana miaka michache tu, wengine wa mgao, wengine wa sukari tele. Utafiti uliochapishwa 2024 katika jarida la Science uliangalia afya zao ukubwani, watu kama 60,000. Ambao mgao uliwakuta tumboni na katika miaka miwili ya mwanzo, hatari yao ya kisukari ilikuwa chini kwa kama asilimia 35, na ya presha kwa kama asilimia 20.

Na mambo haya hayaishii kwenye kiuno. Uzito ukizidi huleta kisukari na presha, navyo huharibu mishipa ya damu ya ubongo. Ndiyo njia ya kiharusi, na ya kusahau uzeeni.

Mama alipata kiharusi mwaka jana. Siku nyingine jina langu humchukua muda kulikumbuka, lakini vijiko vitatu hajavisahau. Nikimtilia kimoja hunitazama: "We mwanangu, ati sukari imeadimika London?"

Namcheka, lakini moyo unaniuma. Binti yangu ana miaka miwili. Hukaa mezani akiutazama mkono wangu unavyokoroga. Simwambii kitu. Natia kimoja tu, nakoroga, anaona.

Nyie kwenu ni vijiko vingapi, na nani aliwafundisha?