Wasomaji Walipogeuka Wahakiki: Historia Fupi ya Uhakiki wa Riwaya za Mapenzi

Tunapofundishwa historia ya uhakiki wa fasihi, tunaanzia kwa Aristotle, tunapitia wanaumbo wa Urusi, kisha tunafika kwa wahakiki wa Dar es Salaam na Nairobi. Katika safari hiyo ndefu, riwaya ya mapenzi haina kituo. Hata hivyo, ni miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana duniani, na vina wahakiki wake. Insha hii inaeleza jinsi uhakiki huo ulivyopata nguvu nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inadai kwamba ulijengwa na wasomaji wa kawaida, wengi wao wanawake, kwa sababu wasomi na magazeti makubwa hawakuona haja ya kuufanya.

Kwanza tuangalie hali ya vitabu vyenyewe. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 ikichapisha vitabu vya aina nyingi, na baadaye ikajikita katika hadithi za mapenzi. Mwaka 1971 ilinunuliwa na Harlequin ya Kanada. Mwaka uliofuata, huko Marekani, Avon ilichapisha riwaya ya Kathleen Woodiwiss iitwayo The Flame and the Flower. Ilitoka moja kwa moja ikiwa na jalada jepesi, kwa bei nafuu, na ikauzwa sana. Wachapishaji wengine wakafuata njia hiyo. Tatizo ni kwamba vitabu vya namna hiyo havikuhakikiwa magazetini. Kila mwezi vilitoka vipya vingi vyenye majalada yanayofanana, na msomaji mwenye pesa kidogo hakuwa na wa kumwambia kipi kizuri na kipi kibovu.

Pengo hilo lilizibwa na watu kama mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika duka la vitabu. Tunamfahamu kupitia kitabu cha Janice Radway, Reading the Romance, kilichotoka mwaka 1984. Radway alimpa jina la kupanga, Dorothy Evans, na mji wake akauita Smithton. Wateja walimwendea Dorothy kumuuliza wanunue nini, kwa kuwa alikuwa amesoma riwaya nyingi na aliwajua wao pia. Mwishowe akaanza kutoa kijarida chake cha kuhakiki riwaya mpya za mapenzi. Hakuwa mhakiki wa chuo kikuu, lakini wahariri wa New York walianza kuyataka maoni yake.

Radway aliwahoji wasomaji wa Smithton na kukusanya hojaji za wanawake 42. Majibu yao yanaonyesha kwamba walikuwa na vigezo. Hawakutaka hadithi yenye ubakaji, wala yenye mwisho wa huzuni. Baadhi yao walifungua kurasa za mwisho kwanza ili wajue kama kitabu kinafaa kununuliwa. Walieleza pia kwamba kusoma kuliwapa muda wao wenyewe, mbali na madai ya mume na watoto. Radway hakuwasifu tu: aliona kwamba kitendo cha kusoma kilikuwa aina ya upinzani, ilhali hadithi zenyewe ziliweza kuwaridhisha wanawake na hali ileile iliyowachosha. Tunaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini asingefika popote bila kumsikiliza muuza vitabu.

Mwaka 1981 Kathryn Falk alianzisha Romantic Times huko Brooklyn, chapisho lililohakiki riwaya za mapenzi kwa wingi hadi lilipofungwa mwaka 2018. Hapa lilizuka swali jingine. Chapisho hilo lilibeba matangazo ya wachapishaji walewale ambao vitabu vyao lilivihakiki. Je, anayelishwa na mpishi anaweza kusema mchuzi umezidi chumvi? Dorothy naye aliuza vitabu, lakini wateja wake walirudi dukani na kumlaumu akiwadanganya.

Kwa nini historia hii ituhusu sisi tunaosoma Kiswahili Uganda? Katika miaka ya 1970 na 1980 Tanzania ilitoa riwaya nyingi za mapenzi na upelelezi, ambazo wataalamu huziita riwaya pendwa. Kajubi Mukajanga ni mmoja wa waandishi waliosomwa sana. Wahakiki wengi walizishutumu kuwa ni za burudani tu na zinapotosha vijana. Hukumu yao tunayo kwa sababu ilichapishwa. Hukumu ya waliozinunua, wakaazimana hadi zikachanika, iko wapi?

Jibu nimeliona nyumbani. Senga wangu wa Masaka alinunua Mills & Boon za mitumba katika vijia vya Kampala. Kwa Waganda, senga ndiye humfundisha binti mambo ya mapenzi na ndoa, naye aliifanya kazi hiyo hata vitabuni. Ndani ya kila jalada aliandika kwa penseli: "huyu mwanaume hafai", "mwisho mzuri", "usimpe mtoto". Majirani walisoma maandishi hayo kabla ya kuazima. Alipofariki, vitabu vilikwenda kwa muuza karanga, kurasa zikawa za kufungia. Mimi nilibaki na kimoja.

Kwa kuhitimisha, uhakiki wa riwaya za mapenzi ulianza kwa haja ya kawaida: msomaji kumwonya au kumshauri msomaji mwenzake. Dorothy ameingia katika historia kwa sababu aliandika, na kwa sababu msomi mmoja alimfuata kumuuliza. Muhula huu nimeanza daftari la kuhakiki kila riwaya ya mapenzi ya Kiswahili ninayoipata, pamoja na maoni ya aliyeniazima. Nawaomba wanafunzi wenzangu wafanye hivyo, na wahadhiri wetu watuhesabie kuwa ni utafiti.