Hamu ya Mwanamke Kivu: Safari Ndefu Kutoka kwa Shangazi Hadi Chupa ya Sokoni

Kabla ya mizizi ya hamu kulikuwa na siagi. Katika nchi za Maziwa Makuu, toka Rwanda na Burundi hadi milima ya Kivu, binti aliyekaribia kuvunja ungo hakupewa dawa ya kunywa. Shangazi alimfunda, kisha yeye na wenzake wa rika wakajitenga vichakani kana kwamba wanachanja kuni, na huko wakasaidiana kuvuta mashavu ya uke. Wanyarwanda huiita kazi hiyo gukuna. Marian Koster na Lisa Leimar Price, walioandika juu yake mwaka 2008, walitaja mimea iliyotumika: kishona nguo, lile gugu linalong'ang'ania sketi za wapita njia, na aina ya mtunguja wenye miiba. Majani au matunda yalipondwa, na siagi ya ng'ombe ikasaidia mikono iteleze na ngozi isichubuke.

Sehemu ya pili ya mafunzo ilimhusu mume. Kunyaza, ustadi wa kumsisimua mke polepole kwa nje mpaka maji yatoke, ulijulikana Rwanda, Burundi, magharibi ya Uganda na huku mashariki ya Kongo. Nsekuye Bizimana, Mnyarwanda anayeishi Ujerumani, aliuandikia kitabu kwa Kifaransa mwaka 2008, akawasimulia wasomaji wa Ulaya kwamba kuna mahali ambapo raha ya mwanamke ilikuwa mtihani wa mwanamume. Mke akipoa, wa kutazamwa hakuwa yeye peke yake.

Nisizipambe desturi hizi kupita kiasi. Msichana aliyekataa kuvuta alitishwa kwamba hataolewa, au ataolewa na kurudishwa kwao. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani na wenzake waliuweka uvutaji huo katika kundi la nne la ukeketaji. Mwaka 2008 maelezo yakabadilishwa, na mjadala juu ya shinikizo wanalowekewa wasichana haujaisha. Wala usikubali mtu akuambie kwamba Afrika ina desturi moja. Mwaka 1993 Judith Brown, Richard Brown na Okako Bibi Ayowa walieleza jinsi wanawake wa sehemu nyingine za Zaire hiyohiyo, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, walivyotumia majani na unga kujikausha, kwa kuwa huko ukavu ndio uliosifiwa. Kilichotafutwa Kivu, kule kilifutwa kwa kitambaa.

Kutoka mashariki zikaja dawa nyingine, zikipita mkondo uleule wa misafara uliotuletea Kiswahili. Watu wa pwani walipojenga miji yao Maniema, Kasongo ukiwa mashuhuri zaidi, mapishi na manukato yao yaliwafuata: tangawizi, karafuu, mdalasini, iliki. Pwani nako kulikuwa na walimu wa kike, somo na kungwi wa unyago, waliomfundisha mwali kujifukiza udi na kuupenda mwili wake. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliifanya kazi hiyo kwa ngoma kwa miongo mingi. Huku Kongo kungwi hakutia mizizi sana, lakini tangawizi ilikaa. Hadi leo tangawisi, kama tunavyoiita huku, ni kinywaji cha harusini na barabarani, na anayeinywa haoni haya kukonyeza jicho.

Wamisionari waliofika Nyangezi, Kivu, mwaka 1906 hawakuja kusikiliza habari za vichakani. Serikali ya Wabelgiji ilichelewa zaidi: dekreti ya tarehe 19 Machi 1952 iliweka kazi ya uganga mikononi mwa wenye diploma, ikamwacha mganga wa kienyeji aendelee alimradi hasumbui utulivu wa umma. Mabibi na mashangazi hawakuwa hata waganga. Elimu yao ilikosa jina katika karatasi za serikali, na isiyo na jina hupotea bila kupigwa marufuku.

Wakati huohuo milima ya Kivu ilikuwa ikijifunza kuuza magome. Mikwinini kutoka Amerika ya Kusini ilipandwa huku kwa ajili ya dawa ya malaria, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu bado kinajulikana kwa kwinini. Pale Lwiro, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 ilikusanya mimea na majina yake. Mwaka 1995 mmisionari Georges Defour alichapisha Bukavu kitabu cha mimea 400 ya Bushi, humu Kivu, inayotibu watu na mifugo, jambo linalofaa sana kwa nchi ya wafugaji. Gome la kwinini lilipimwa, likajulikana kiini chake, likapangiwa kipimo. Mizizi ya hamu haikupata bahati hiyo.

Mzizi wa hamu ulio mashuhuri sana katika Kongo ni kimbiolongo. Waganda huuita mulondo, na watu wa Kakamega mkombero. Wanabotania husema Mondia whitei. Umenye na kuutafuna: kwanza uchungu, kisha utamu, na harufu inayokaribia vanila. Unauzwa kama dawa ya nguvu za kiume, na wanawake wameufikia kwa mlango wa nyuma. Utafiti nao umefuata soko. Pierre Watcho wa Chuo Kikuu cha Dschang, Kamerun, na wenzake waliujaribu kwa panya madume. Mwanamke anayeununua leo anameza matokeo ya panya dume.

Mwenzake wa misitu ya magharibi, mti wa yohimbe, alitangulia kwenda Ulaya: Leopold Spiegel alitenga yohimbini mjini Berlin mwaka 1896, nayo ikawa dawa ya waume dhaifu. Huweza kupandisha presha na kuleta wasiwasi, na mwenye mimba hapaswi kuigusa. Wamarekani nao waliidhinisha kidonge cha hamu ya wanawake, flibanserin, Agosti 2015, na faida yake katika majaribio ilikuwa nyongeza ya kati ya nusu ya tendo na tendo moja la kuridhisha kwa mwezi. Fedha nyingi, mavuno kiduchu.

Halafu kuna vita, ambavyo hakuna mzizi unaovizungumzia. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imepokea maelfu ya wanawake waliobakwa, na huko upasuaji huenda pamoja na matibabu ya nafsi. Kwa mama aliyepitia hayo, kukosa hamu si upungufu wa damu wa kuongezwa kwa kikombe; mwili unakumbuka.

Na hata pasipo vita, sababu ni nyingi kuliko mizizi: kunyonyesha, kukoma hedhi, sindano ya uzazi wa mpango, vidonge vya sonona, kisukari, maumivu yasiyosemwa, ugomvi wa nyumbani, uchovu wa mama aliyepandisha gunia mlima wa Kadutu, Bukavu, tangu alfajiri. Kila moja ina njia yake, na nyingine huisha kwa kubadilisha dawa tu au kupata usingizi. Shangazi, pamoja na makosa yake yote, angeanza kwa kuuliza habari za mume. Muuzaji wa chupa za maji ya kahawia sokoni anauliza tu kama unataka ndogo au kubwa.