Upungufu wa vitamini D wawaandama vijana Korea Kusini

Na Mwandishi Wetu

LICHA ya mlo wa Wakorea kusheheni mboga za majani, samaki na vyakula vilivyochachushwa, watu wazima wengi wa Korea Kusini wana kiwango kidogo cha vitamini D mwilini, na wanaoathirika zaidi ni vijana wala si wazee kama ambavyo wengi wangetarajia.

Hali hiyo ilidhihirika katika Utafiti wa Taifa wa Afya na Lishe wa mwaka 2008. Miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 10 na zaidi waliopimwa damu, asilimia 47.3 ya wanaume na asilimia 64.5 ya wanawake walikuwa na vitamini hiyo chini ya nanogramu 20 kwa mililita. Kwa vijana wa miaka 20 hadi 29, viwango vilipanda hadi asilimia 65.0 kwa wanaume na 79.9 kwa wanawake.

Utafiti huo wa serikali ulianza mwaka 1998, na tangu 2007 hufanyika kila mwaka. Wahusika hupimwa afya na kuulizwa walichokula katika saa 24 zilizotangulia.

Sababu za upungufu

Tofauti na vitamini nyingine, sehemu kubwa ya vitamini D haitokani na chakula bali hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Seoul ipo takriban nyuzi 37.5 kaskazini mwa Ikweta, hivyo wakati wa baridi mionzi inayohitajika huwa hafifu.

Takwimu za 2008 zilihusisha upungufu huo na kuishi mjini, kufanya kazi ndani ya majengo, na majira ya baridi na ya machipuo. Kijana anayeshinda darasani au ofisini hulikosa jua ambalo mkulima mzee hulipata shambani kila siku.

Chakula pekee ni vigumu kuziba pengo hilo. Vitamini D hupatikana kwa wingi katika samaki wenye mafuta, na kwa kiasi kidogo katika kiini cha yai na uyoga uliokaushwa juani. Kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, huwa na vitamini C, lakini haina msaada kwa vitamini D.

Hatari kwa mifupa

Vitamini D huuwezesha utumbo kufyonza madini ya kalisi. Ikipungua sana kwa mtu mzima, mifupa hulainika na kuuma, na misuli hulegea. Suala hilo lina uzito zaidi nchini humo kwa kuwa ulaji wa kalisi nao uko chini ya kiwango kinachopendekezwa, huku maziwa yakiwa hayana nafasi kubwa katika mlo wa asili.

Mifupa hufikia uimara wake wa juu kabisa mtu akikaribia umri wa miaka 30, kisha huanza kupungua taratibu. Kijana anayeupita umri huo akiwa na akiba ndogo huingia uzeeni akiwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika mifupa.

Hata hivyo, si kila aliye chini ya nanogramu 20 ni mgonjwa. Kiwango hicho kinakidhi mahitaji ya karibu watu wote, hivyo baadhi ya walio chini yake kidogo hawapati madhara yoyote.

Viwango vinavyoshauriwa

Mwongozo wa lishe wa Korea Kusini wa mwaka 2020 unawashauri watu wa miaka 19 hadi 64 kupata mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku, na wenye miaka 65 na zaidi mikrogramu 15. Kikomo cha juu ni mikrogramu 100.

Kikomo hicho kina sababu. Vitamini C ikizidi hutoka kwa mkojo, lakini vitamini D huhifadhiwa katika mafuta ya mwili, na ikizidi mno hupandisha kalisi katika damu na kudhuru figo. Kwa hiyo ni vyema mtu apime damu kabla ya kumeza vidonge vya kiwango kikubwa.